Injini Iliyolala: Mambo ya Kukagua Kabla Hujanunua Subaru

Ukifungua boneti ya Subaru kwa mara ya kwanza unaweza kudhani kuna kitu kimeibiwa. Huioni injini iliyosimama kama ya Corolla. Unaona mabomba ya hewa, betri, na nafasi tupu pembeni. Injini yenyewe iko chini, imelala chali: silinda mbili zinatazama gurudumu la kulia na mbili la kushoto. Mafundi wanaiita boksa, kwa sababu pistoni zinakwenda na kurudi kama ngumi. Sifa nyingi za magari haya, na lawama zake karibu zote, zinatokana na huko kulala. Ukielewa hilo utajua pa kumulika tochi siku ya kukagua, na utamjua fundi anayebahatisha.

Kampuni ilianzia kwenye ndege. Mwaka 1917 Chikuhei Nakajima, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini la Japani, alianzisha kiwanda cha ndege huko Ota, mkoa wa Gunma, na kufikia Vita Kuu ya Pili kilikuwa kati ya viwanda vikubwa vya ndege za kivita nchini humo. Japani iliposhindwa mwaka 1945 ikapigwa marufuku kuunda ndege. Wahandisi wakabaki na maghala ya vipuri visivyo na kazi. Skuta yao ya kwanza, Rabbit ya 1946, ilitembea kwa magurudumu ya mkia wa ndege ya mabomu. Kiwanda kikagawanywa vipande, na mwaka 1953 kampuni tano kati ya hizo zikaungana kuwa Fuji Heavy Industries. Nembo ya gari inasimulia hayo: nyota kubwa ni kampuni mpya, tano ndogo ni zile zilizoungana. Subaru kwa Kijapani ni kundi lile lile la nyota ambalo sisi tunaliita Kilimia, lile ambalo wakulima walilitazama kujua majira ya kushika jembe. Kampuni yenyewe ilikuja kuitwa Subaru Corporation mwaka 2017.

Boksa ya kwanza iliingia kwenye Subaru 1000 mwaka 1966, na mwaka 1972 Leone ya kubebea mizigo ikapewa nguvu kwenye magurudumu yote manne. Mwaka 1989 ikaja Legacy na injini za familia ya EJ, ambazo ndizo ziko kwenye Impreza, Forester na Legacy nyingi za mtumba zilizopo barabarani kwetu. Legacy hiyo ilikimbizwa kilomita 100,000 kwenye uwanja wa majaribio Arizona, siku 19 kasoro, kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa. Afrika Mashariki jina lilikomaa kwenye Safari Rally. Patrick Njiru alimaliza mbio za 1993 na kushinda daraja lake akiwa na Vivio, kigari cha sisi (cc) 660. Kisha Impreza ikashinda mbio zenyewe mara mbili: Colin McRae 1997, Richard Burns 2000. Kwa hiyo usishangae kijana wa Nairobi akiweka ekzosi ya kelele kwenye Impreza ya sisi 1500. Anaendesha kumbukumbu.

Sasa tuingie chini ya boneti.

Lawama ya kwanza ni kwamba Subaru zinachemsha na kuunguza gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kati ya bloku ya injini na kichwa chake (hedi). Ni kweli, ila si kwa injini zote. Mwenye kesi kubwa ni EJ25, yaani sisi 2500 isiyo na turbo. Kwenye injini iliyosimama, oili ikimaliza kazi inateremka na kuondoka. Kwenye iliyolala, oili na maji vinakaa muda wote kwenye ukingo wa chini wa gasketi, na gasketi za kiwandani za EJ25 zilikuwa za karatasi ngumu iliyopakwa grafiti, ambayo huliwa polepole. EJ25 za zamani, zenye kamshafti (shafti za kufungua valvu) mbili kila upande, huvuja kwa ndani: moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Za baadaye, zenye kamshafti moja kila upande, huanza kwa kuvuja nje, oili kwanza, maji baadaye.

Ukaguzi wake unataka injini iliyopoa kabisa. Ukikuta muuzaji ameshaliwasha na kulipasha kabla hujafika, rudi siku nyingine. Fungua mfuniko wa rejeta, chovya kidole: maji yawe na rangi ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), yasiwe na utando wa mafuta wala harufu ya moshi. Washa, liache lipate joto, kisha ulishikilie kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika kumi na tano huku ukitazama tanki la akiba la maji. Mapovu madogo yanayopanda mfululizo ni hewa ya silinda, na hapo mazungumzo ya bei yameisha. Halafu lala chini umulike pale hedi inapokutana na bloku, pande zote mbili, hasa nyuma kushoto. Unyevu mweusi wenye vumbi unaweza kutoka kwenye gasketi ya kava la valvu, ambayo ni kazi ndogo. Ukianzia kwenye mstari wa hedi na bloku wenyewe, ni kazi kubwa.

Ikibidi kubadilisha, badilisha pande zote mbili kwa pamoja na utumie gasketi ya chuma ya matabaka, ya aina iliyowekwa kwenye EJ25 za turbo. Hedi zipelekwe kwa fundi wa mashine zipimwe kwa rula ya chuma na filagheji (vibamba vya kupimia mwanya). Zikiwa zimepinda zaidi ya mm 0.05 zisawazishwe. Bolti za hedi zina utaratibu wake: unakaza, unalegeza nusu mzunguko mara mbili, unakaza tena, kisha unamalizia kwa nyuzi 80 hadi 90 mara mbili. Fundi anayekaza kwa mkono "mpaka isikie" anakuandalia safari ya kurudi.

Mara nyingi, lakini, gari "lililochemsha" halikuwa na gasketi mbovu. Lilikuwa na hewa kwenye mfumo. Injini iliyolala huficha hewa kwa urahisi, na fundi aliyezoea kumimina maji na kufunga mfuniko huliacha likiwa na povu ndani. Rejeta nyingi za Subaru zina skrubu ya plastiki juu pembeni kwa ajili ya kutolea hewa. Ifungue, jaza kulanti taratibu mpaka itokee hapo bila mapovu, funga, washa gari na hita ikiwa kwenye joto la mwisho, ongeza kila maji yanaposhuka. Feni ziwake na kuzima mara mbili. Likishapoa, tazama tena. Mfumo unabeba lita 6 hadi 7 hivi; ukiona gari limekubali lita 4 tu baada ya kumwagwa lote, bado kuna hewa.

Na ile tabia ya kutoa termostati, valvu inayodhibiti joto la maji ya injini, "kwa sababu huku kuna joto" iachwe. Kwenye EJ termostati iko chini, pale maji baridi yanapoingia kwenye injini, na kazi yake ni kuchanganya ya moto na ya baridi. Ukiitoa, injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama vile ni asubuhi, kisha unalalamika gari linabwia mafuta.

Jambo la pili ni mkanda wa taimingi, unaounganisha krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na kamshafti. EJ zote zinatumia mkanda, na wakati wake ni kilomita 100,000. Ukikatika, katika nyingi ya injini hizi valvu zinagongana na pistoni. Gereji za Japani zina desturi ya kubandika stika ndani ya boneti yenye kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Itafute. Usipoiona, hesabu kwamba mkanda haujawahi kuguswa, hata dalali aape vipi, na upunguze gharama yake kwenye bei. Usinunue mkanda peke yake: chukua na kikaza cha haidroliki, puli zote pamoja na ile yenye meno, pampu ya maji na sili za mbele za kamshafti na krenki. Pampu inazungushwa na mgongo wa mkanda huo huo. Beringi yake ikikwama, inaula mkanda mpya.

Makosa mawili yanajirudia kwenye kazi hii. La kwanza: gia ya krenki ina mshale unaoonekana vizuri, na fundi mgeni huupanga mshale huo. Alama sahihi ni kistari kidogo kwenye jino la nyuma ya gia, kinachokaa saa sita juu chini ya sensa ya krenki. Alama zikikaa sawa, pistoni zote nne ziko katikati ya silinda, jambo linalomchanganya kila aliyezoea kuanzia na pistoni namba moja juu. La pili: kikaza kinarudishwa kwa kubanwa kwenye jiriwa kikiwa wima, polepole, kwa dakika kadhaa, mpaka tundu la pini lionekane. Ukikibana kwa haraka unapasua sili ya ndani, na baada ya wiki mbili injini inaanza kugonga kila asubuhi.

Kuanzia mwisho wa 2010 Subaru ilianza kuweka injini za FB, zenye mnyororo. Hapo tatizo la mkanda likaisha, na gasketi zikatulia sana. Likaja jingine: oili kupungua. Wamiliki wa Marekani waliifungulia kampuni kesi kuhusu magari ya toleo la 2011 hadi 2014, na ikaishia kwa dhamana kuongezwa hadi miaka 8 au maili 100,000. Huku kwetu dhamana haipo, kwa hiyo kinga ni dipstiki. Pima kila unapojaza tanki mara ya pili, gari likiwa sehemu tambarare na limezimwa kwa muda, kwa sababu oili ya boksa inachelewa kurudi chini. Pande mbili za dipstiki mara nyingi hazisemi lolote linalofanana. Amini ulio chini. FB20 na FB25 nyingi zinachukua lita 4.8 hivi pamoja na filta, EJ za kawaida lita 4 hadi 4.5. Kutoka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita moja.

Turbo ni habari nyingine, na maoni yetu ni kwamba asiyekuwa na fundi wa kudumu aiache. Injini za turbo za soko la Japani zilipangwa kwa petroli yao ya oktani 100, ambayo pampu zetu hazina. Ukiongeza kubadilisha programu ya kompyuta ili gari liwe kali zaidi, kingo za pistoni za EJ25 ya STI, Impreza ya kasi, hupasuka. Kwenye turbo za kuanzia 2004 kuna kichujio kidogo cha waya ndani ya bolti inayopeleka oili kwenye turbo. Oili ikikaa sana kinaziba, turbo inakufa kwa kiu, na vipande vya chuma vinashuka kwenye injini. Kilomita 5,000 kwa kila oili, bila kuongeza hata wiki.

Plagi nazo zina hila. Ziko pembeni, zimetazama chesisi. Za kushoto hufikiwa kwa kutoa betri, za kulia kwa kutoa boksi la hewa. Kwa sababu hiyo kuna mafundi wanaobadilisha za mbele mbili na kukutoza nne. Dai za zamani, zihesabu. Ukikuta oili kwenye shimo la plagi, ni sili za mirija kwenye kava la valvu, na ndizo zinazolifanya gari limisi. Plagi ikazwe Nm 21 tu. Hedi ni ya aluminiamu.

Imebaki tairi, ambayo wengi hawaihusishi na giaboksi. Nguvu inapokwenda mbele na nyuma muda wote, tairi zote nne lazima ziwe na mzunguko unaolingana. Tofauti isizidi mm 6 za mzunguko. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia kila tairi, andika. Ukifunga mpya mbili mbele na nyuma zikabaki za zamani zilizoisha, klachi za nyuma ndani ya giaboksi zinasuguana safari nzima. Dalili yake unaipata uwanjani kabla ya kulipa: kwenye lami kavu, kata usukani mpaka mwisho, achia breki, gari lijizungushe lenyewe polepole. Likitembea laini, vizuri. Likijivuta na kurukaruka kama limeshikwa breki, klachi zimeganda. Wakati mwingine kumwaga na kubadilisha oili ya giaboksi mara mbili tatu kunaponya; isipopona, ni solenoidi au klachi zenyewe. Kwenye otomatiki za zamani za gia nne kuna kishikio cha fyuzi kilichoandikwa FWD ndani ya boneti. Ukichomeka fyuzi hapo, magurudumu ya nyuma yanaachiwa, na kurukaruka kukiisha umeshajua ugonjwa uko wapi. Muuzaji anaweza kuwa amelijua hilo kabla yako, kwa hiyo kabla ya jaribio hakikisha kishikio hicho kiko tupu, na kwenye dashibodi taa ya FWD haiwaki.