Ukiambiwa sura yako haifai kwa filamu

Kuna mdada kanitumia meseji usiku, katoka kwenye usaili kaambiwa sura yake haina mvuto kwenye kamera, ananiuliza aache uigizaji akasomee mambo ya hoteli au vipi. Mdogo wangu, tulia kwanza. Mimi niliambiwa mbele za watu kwamba sura yangu ni ya redio, na aliyesema bado yupo kwenye hii hii fani, tukikutana ananiita mamkubwa na mimi nacheka nae, ila rohoni bado panafukuta.

Judi Dench unamjua, yule bibi wa nywele fupi nyeupe aliyekuwa bosi wa James Bond. Ujanani alienda usaili wa filamu, muongozaji akamwambia kila kitu usoni kwake kina kasoro. Na hata jukwaani hakuanza vizuri kivile, 1957 alicheza Ophelia kwenye Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, na kampuni ya maigizo ya Old Vic, wahakiki wakamponda. Unadhani alikaa nyumbani kusubiri simu? Alipiga jukwaa miaka na miaka! 1963 yeye na wenzake walizunguka na tamthilia za Shakespeare mpaka Nigeria, Ghana na Sierra Leone, 1968 akacheza tamthilia ya muziki ya Cabaret huko London, 1976 akawa Lady Macbeth kwenye tamthilia ya Macbeth pembeni ya muigizaji Ian McKellen na hiyo watu wa tamthilia wanaisimulia mpaka kesho.

Filamu ndogo ndogo alikuwa anapata, ila hizi zilizomfanya wewe na mimi tumjue zimekuja ana miaka 60, Bond ya 1995. Halafu 1999 akabeba Oscar kwa kucheza Malkia Elizabeth wa Kwanza kwenye Shakespeare in Love, tena anaonekana dakika kama nane tu filamu nzima. Nane! Nyie mnagombana kisa mmepewa sini mbili.

Uzeeni macho yake yakafifia, akawa hawezi kusoma skripti, anasomewa anakariri kwa kusikia. Na bado 2022 aliteuliwa tena Oscar kwa filamu ya Belfast, miaka 87.

Kwa hiyo hoteli kasome ukitaka, hela inahitajika, ila tafuta kikundi cha jukwaani ujiunge, ukipewa mlinzi wa getini mwenye sentensi moja chukua, kariri na maneno ya wenzako. Na zile picha za usaili ulizonitumia, toa filta.