Jino likitoka zima, shavu likivimba usiku: ya kufanya kabla hujafika kwa daktari

Dada, pole sana kwa yaliyompata mwanao. Umeeleza kwamba alijigonga akicheza, jino la mbele likatoka zima na mzizi wake, mkaliosha kwa sabuni, mkalifunga kwenye tishu, na asubuhi daktari akawaambia limeshachelewa. Unauliza kama kulikuwa na namna nyingine, na dharura za meno kwa jumla zinashughulikiwaje. Nimekuwa msaidizi wa daktari wa meno kwa miaka mingi, wagonjwa wanaokuja mbiombio napokea mimi, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona. Usijilaumu. Wazazi wengi niliowapokea walikuja na jino kwenye tishu, maana hakuna aliyewahi kuwaambia vingine.

Namna ipo, na inategemea kitu kimoja tu: unyevu. Mzizi wa jino hushikwa kwenye mfupa na nyuzi nyembamba zilizo hai. Jino likichomoka, sehemu ya nyuzi hizo hubaki kwenye tundu na nyingine hubaki zimeng'ang'ania mzizi. Hizo za kwenye mzizi ndizo zitakazolishika jino tena, nazo hazivumilii ukavu. Likikaa kavu nusu saa hali huwa mbaya, na saa moja ikipita nyingi zimeshakufa. Tishu inazikausha, sabuni inaziua, kusugua kunazikwangua.

Kwanza mtazame mtoto mwenyewe. Kama alizimia, anatapika, haeleweki anachosema au hawezi kufumba mdomo sawasawa, mpelekeni hospitali haraka, jino litafuata. Kama yuko sawa, litafuteni jino, na mkiliona mlishike kwa kichwa chake, ile sehemu nyeupe inayoonekana mdomoni. Mzizi msiuguse. Likiwa na mchanga, lisuuzeni sekunde chache tu kwa maziwa baridi, au kwa maji safi kama maziwa hayapo, halafu mlirudishe pale pale lilipotoka.

Najua hapa watu husita. Nimewaona wazazi mikono ikiwatetemeka, na nawaelewa. Lakini jino huingia kwa wepesi kuliko unavyodhani likiwa bado bichi. Upande uliobinuka kidogo na kung'aa unakaa mbele, upande wenye bonde unatazama ulimi. Unalisukuma taratibu kwa kidole mpaka ncha yake ilingane na jirani yake, kisha mtoto anauma kitambaa safi kilichokunjwa, safari ya kwa daktari inaanza. Mama mmoja alimrudishia binti yake jino pale pale alipoangukia, akaja naye ameuma leso. Tulipopiga picha ya eksirei jino lilikuwa limekaa vizuri, daktari akalifunga kwa waya mwembamba kwenye meno ya jirani, waya ukatolewa baada ya wiki 2. Kiini cha ndani, yaani ile nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, kilikuwa kimekufa, kama inavyotarajiwa kwa jino lililokwisha kukomaa mzizi, ikabidi lisafishwe na kuzibwa ndani. Jino hilo binti analitumia hadi leo.

Mkishindwa kulirudisha, litieni kwenye maziwa. Kama hakuna maziwa, mtu atemee mate kwenye kikombe na jino liwe humo, afadhali mate ya mwenye jino. Maji ya kawaida yawe ya mwisho kabisa: huzifanya chembe hai zivimbe na kupasuka, ingawa hata hayo ni bora kuliko kuliacha kavu. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kulihifadhi ndani ya shavu lake. Mtoto mdogo msimwachie, atalimeza.

Haya yote ni kwa jino la kudumu. Jino la utotoni halirudishwi, kwa sababu unaweza kuliumiza jino changa lililo chini yake. Meno ya mbele ya kudumu huanza kuota kwenye miaka 6 hadi 8, kwa hiyo katika umri huo kama huna uhakika ni lipi, litieni kwenye maziwa mwende nalo, daktari aamue. Na kama jino limepotea na halionekani popote, semeni, kwa sababu linaweza kuwa limezama kwenye mdomo uliopasuka au limeingia njia ya hewa.

Jino lililokatika kipande si la kusubiri wiki ijayo. Tafuteni kipande, kitieni kwenye maji au maziwa, mara nyingi daktari hukigandisha na usione pa kuunganishia. Tazameni pale palipokatika: mkiona doa jekundu au la waridi katikati, kiini kiko wazi na siku hiyo hiyo ndiyo ya kutibu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu mimi ni zito kuliko jino kutoka, ingawa watu hulipuuza. Uvimbe. Mgonjwa mmoja mtu mzima alikaa na gego bovu muda mrefu, likimuuma na kunyamaza. Alipofika kwetu shavu lilikuwa gumu, uvimbe umeshuka chini ya kidevu, mdomo unafunguka kiasi cha kupitisha kidole tu, mate yanamtoka kwa sababu kumeza kunamuuma, na sauti imebadilika kama ya mtu aliyejaza chakula mdomoni. Daktari hakumkalisha hata kwenye kiti. Alipelekwa hospitali kubwa moja kwa moja, maana usaha wa namna hiyo husukuma ulimi juu na kuziba njia ya hewa. Alipona, lakini alilazwa. Kwa hiyo mkiona uvimbe unapanda kuelekea jichoni au kushuka shingoni, homa, shida ya kumeza, kupumua au kufungua mdomo, msisubiri kupambazuke na msitafute daktari wa meno. Nendeni kitengo cha dharura.

Maumivu bila uvimbe yanakupa nafasi ya kufika asubuhi. Kwa mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala ujauzito, ibuprofeni pamoja na parasetamoli kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye pakiti hutuliza kuliko moja peke yake. Laleni kichwa kikiwa juu ya mito, maana jino hupwita zaidi mkilala bapa. Aspirini msiisage na kuiweka kwenye ufizi, inaunguza. Nimeona fizi zilizobabuka na kuwa nyeupe, maumivu mawili badala ya moja. Na watoto msiwape aspirini kabisa. Antibayotiki zilizobaki nyumbani nazo ziacheni: jino linalouma kwa sababu kiini kimewaka haliponi kwa vidonge, linahitaji kufunguliwa au kung'olewa. Jino lililouma siku nyingi likinyamaza ghafla, mara nyingi kiini ndicho kimekufa, na usaha hufuata baadaye. Nawasihi msifute miadi kwa sababu hiyo. Maumivu ya taya yanayokuja pamoja na kifua kubana, jasho au kukosa pumzi yanaweza kuwa ya moyo, hayo ni ya kukimbilia hospitali.

Baada ya kung'oa, damu ikiendelea kutoka, umeni kitambaa safi chenye unyevu kidogo kwa nguvu dakika 20 hadi 30, bila kufunua kila mara kuchungulia. Kila mkichungulia mnavunja donge la damu linaloanza kuganda. Siku ya kwanza msisukutue, msiteme teme, msivute kitu kwa mrija, msivute sigara. Donge hilo likitoka, mfupa hubaki wazi na maumivu makali huanza baada ya siku mbili tatu. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wamwambie daktari kabla ya kung'olewa, wala wasiache dawa hizo kwa uamuzi wao wenyewe.

Kuhusu kinga, mengi mnayajua: mswaki mara mbili kwa siku, dawa yenye floraidi, mkimaliza mteme povu tu bila kusuuza kwa maji mengi ili floraidi ibaki kwenye meno. Ninalolisisitiza ni lile watu wasilolifanya. Mtoto anayecheza mpira, ngumi au baiskeli avae kinga ya meno. Iliyotengenezwa na daktari kwa kipimo cha mdomo wake hukaa vizuri zaidi, lakini hata ile inayolainishwa kwa maji ya moto ni bora kuliko kutovaa chochote. Mtoto ambaye meno ya juu yametokeza sana mbele yuko kwenye hatari zaidi ya kuyavunja, kwa hiyo kumwonyesha kwa daktari mapema si urembo. Na meno si ya kufungulia chupa wala kutafunia barafu. Magego mengi yaliyopasuka niliyoyaona yalitokana na hayo.

Kuhusu mwanao, meno mawili ya jirani nayo yalipigwa hata kama yanaonekana mazima. Mwombe daktari ayapige picha sasa na tena baada ya miezi michache, na wewe uwe unayaangalia rangi: likianza kuwa la kijivu, au kikitokea kijipele kwenye ufizi juu yake, mrudishe mapema. Pengo lisikutie haraka ya kumwekea jino la kudumu la kupandikizwa kwenye mfupa, hilo husubiri mpaka taya limalize kukua. Kwa sasa anaweza kuwekewa la muda, la kuvaa na kuvua au lililogandishwa kwenye jirani. Ukiwa na picha au maelezo ya daktari, niandikie alichosema nikufafanulie.