Wanafunzi kuandika mwongozo wa programu: yaliyotukuta sisi fildi

Mwalimu, umeuliza kama wanafunzi wako wa IT wanaweza kukiandikia kituo cha afya mwongozo wa programu, iwe ndo kazi yao ya kujitolea na maksi wapate humohumo. Wanaweza, ila sisi tulianza vibaya sana.

Tulikuwa wanne, tukapangiwa halmashauri moja tuandike mwongozo wa DHIS2, ile programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo ambayo data za vitabu vya MTUHA, yaani vile vitabu vya kumbukumbu za huduma za vituo vya afya, zinaingizwa humo. Tukajifungia hosteli tukashusha kurasa 40, skrinishoti kibao, historia ya mfumo, yaani desa kabisa. Mama wa takwimu akafunua kurasa mbili, akasema "ahsanteni wanangu", akaliweka chini ya lundo la rejesta na hakuligusa tena.

Wiki ya pili tukaamua kukaa pembeni yake akiingiza ripoti ya mwezi, na aisee shida zake hazikuwemo kabisa kwenye zile kurasa 40. Kisanduku kikigeuka kijani namba imeshaseviwa, sie tuliona kila mtu anajua, kumbe yeye anahangaika kutafuta kitufe cha kusevu, akikikosa anaanza upya. Halafu akimaliza fomu anafunga tu bila kubofya "Complete", basi ripoti inahesabika haijakamilika, wanampigia simu eti hujaleta, naye anaapa kaleta, na wote wanasema kweli!

Tukaandika upya karatasi moja, mbele na nyuma, Kiswahili, ila majina ya vitufe tukayaacha kama yalivyo kwenye skrini maana ukiyatafsiri mtu atayatafuta mpaka jioni. Tukampa mwenzake ambaye hajawahi kuigusa hiyo programu, sisi kimya, mikono nyuma, na kila alipokwama tukajua sentensi yetu ndo mbovu. Hiyo ndo ilibandikwa ukutani.

Kwa hiyo maksi nyingi ziweke hapo kwenye kumwangalia mtu akikwama, idadi ya kurasa achana nayo. Skrinishoti wapigie kwenye demo ya DHIS2 ya mtandaoni, ile ya kujaribia, ina data za mfano za Sierra Leone, wasitumie akaunti ya mtu kama sisi tulivyofanya.

Na faili la Word libaki palepale ofisini. Sie tuliacha PDF tu, mfumo ukabadilika sura, mama akanipigia nishahitimu, na laptopu yenye lile faili ilikuwa imeshaibiwa.