Viti vya kijani, viti vyekundu: abiria haoni tofauti

SWALI: Jambo Yaya. Nimetengeneza ukurasa wa kukatia tiketi za boti za Goma na Bukavu. Kiti kilicho wazi ni cha kijani, kilichochukuliwa ni chekundu. Baba mmoja alikuja bandarini akilalamika kwamba kila kiti anachogusa kinamkatalia. Kumbe hatofautishi rangi hizo mbili. Rafiki ananiambia nizifute kabisa, lakini mwenye boti anazipenda. Nifanyeje?
Msomaji wa Himbi

JIBU: Mdogo wangu, umefanya vema kumsikiliza huyo baba. Wengine wangemwambia simu yake ni mbovu.

Mjomba wangu ana macho ya namna hiyo. Soko la Virunga, nyanya hazichagui kwa kuziangalia. Anazibonyeza kwa kidole gumba moja moja, na akina mama wauzaji wamemzoea. Anasoma vizuri na kuona mbali vizuri, ila nyekundu na kijani kwake zinakaribiana na kahawia. Mara nyingi mtu huzaliwa hivyo. Hali hiyo hupitia kwenye kromosomu X, kibeba urithi ambacho mtoto wa kiume hukipata kwa mama yake, ndiyo sababu inawapata zaidi wanaume. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini ni kama wanaume 8 kati ya 100, na mwanamke 1 kati ya 200. Kwa Waafrika ni wachache zaidi, lakini wapo, na wanapanda boti kama sisi.

Kwa hiyo usianze na rangi. Kiti kilichochukuliwa kipige X kubwa. Kilicho wazi kibaki na namba yake. Ukishafanya hivyo, mwenye boti abaki na kijani chake na nyekundu yake, hazimdhuru mtu tena. Vivyo hivyo abiria akisahau kujaza jina: usiishie kuzungushia kisanduku mstari mwekundu, andika pale pale "Jaza jina lako". Sisi wa Goma ngazi za tahadhari ya volkano tunazijua kwa rangi: kijani, njano, machungwa, nyekundu. Mjomba anazifuata redioni kwa sababu huko rangi inatajwa jina. Akitumiwa kiduara cha rangi tupu kwenye simu, lazima amuulize mtu.

Kisha pima mwanga na giza. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurasa za mtandao zinazofaa watu wote, unataka uwiano wa mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake usipungue 4,5 kwa 1. Kama unataka rangi za kuanzia, Wajapani Masataka Okabe na Kei Ito walipanga rangi nane zinazotofautishika hata kwa macho kama ya mjomba. Chukua buluu yao, yenye msimbo wa rangi 0072B2: herufi nyeupe juu yake zinapita 5 kwa 1. Rangi yao ya machungwa, E69F00, iandikie kwa nyeusi tu, maana nyeupe juu yake haifiki hata 3 kwa 1.

Ukimaliza, ingia mipangilio ya simu, ondoa rangi zote ibaki kijivu, halafu toka nayo juani pale bandarini ujaribu kukata tiketi mwenyewe.

Na bei usiziandike kwa nyekundu juu ya nyeusi. Kuna macho ambayo nyekundu kwake ni giza, na mwenye macho hayo atadhani hukuandika bei.