Changisheni kwenye giza, kutaneni kwenye mbalamwezi

Mwenye chumba alipotupandishia kodi, tuliitisha kikao cha dharura. Maktaba yetu ni chumba kimoja tu huku Kirumba, Mwanza: rafu nne, mabenchi matatu na feni inayozunguka ikijisikia. Ukifungua dirisha, upepo wa ziwa unakuletea Mwaloni yote, soko letu la samaki na dagaa, ndani. Daftari lilikuwa na wanachama mia mbili na kitu, nikakodi viti hamsini. Walikuja watu tisa, na sita kati yao tulikuwa wanakamati wenyewe.

Naandika haya kwa sababu wenzangu wa Igoma, Buhongwa na hata Nansio wananiuliza swali lile lile: mbona watu wanaisifia maktaba ya mtaa, ikifika kuisaidia hawaonekani? Nami nilikuwa nalalamika hivyo hivyo, mpaka nilipokaa kulisoma lile daftari jina kwa jina. Karibu wote ni wanafunzi. Wanaipenda maktaba kuliko sisi, ila mtoto wa darasa la sita hana sauti kwenye mkutano wa mtaa, wala hana mia tano ya kuchangia. Wazazi wao walikuwa wanaita pale "chumba cha walimu". Hawakukosea, maana kamati nzima tulikuwa walimu, mimi nikiwemo.

Kuna jambo moja linanisuta hadi leo. Miezi kadhaa kabla ya kikao kile, mama mmoja mchuuzi wa dagaa alisimama mlangoni kwetu mchana, beseni kichwani. Hakuvuka kizingiti. Alikuwa na karatasi ya mkopo iliyokunjwa mara nne, imelowa jasho, akaomba asomewe riba ni ngapi. Mhudumu wetu wa kujitolea akamjibu, tena kwa upole kabisa: "Mayu, hapa ni pa kusoma vitabu. Mambo ya mikopo nenda ofisi ya mtaa." Mama akashukuru kwa Kisukuma, "wabeja", akaenda zake. Nilikuwepo, na sikufungua mdomo. Baadaye nikaja kujua kwamba ni mweka hazina wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, cha wanawake thelathini, na kikoba hicho kilikuwa kinakutana kila Alhamisi chini ya mwembe, hatua chache kutoka kwetu, kwa kukosa chumba.

Basi anzeni hapo, kwa mtu asiyesoma vitabu. Sisi Alhamisi jioni tuliwapa kikoba kile chumba kwa masharti mawili: wafagie wakimaliza, na wasituachie kasha lao la kufuli tatu, maana mlinzi hatuna. Meza moja tukaitenga kwa ajili ya karatasi: mikataba, fomu za kitambulisho cha taifa (NIDA), barua za shule. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne anakaa hapo kuwasomea watu, na amekatazwa kabisa kusimulia nje alichokisoma. Hilo lisimamieni kwa ukali. Siku habari za deni la mtu zikivuja mtaani, mmekwisha.

Tulifuta pia faini ya kuchafua kitabu. Ilikuwa shilingi 1,000, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwafukuza watu wa Mwaloni. Kitabu kikirudi na dagaa aliyekauka katikati ya kurasa, sasa tunakung'uta, tunakianika, basi. Harufu haitoki, nisiwadanganye.

Katika kuomba, mwombe kila mtu kitu kilichomo mikononi mwake. Fundi wa mitumbwi tulimwomba siku moja ya kazi, siyo hela. Alikuja na pamba na mafuta yake, akaziba mianya ya dirisha kama anavyoziba boti, na tangu hapo mvua haitulowanishii rafu ya chini. Mama lishe alitoa chai. Bodaboda walibeba maboksi. Waliofanya hivyo ndio wanaopita wakiuliza, "Vipi, ile rafu yangu bado imesimama?"

Fedha taslimu nazo zina majira yake, na hapa ndipo sisi wageni wa ziwa tunapokosea. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazivutii kitu, kwa hiyo boti zinapumzika siku kadhaa hadi giza lirudi. Kwenye giza watu wana hela lakini hawana muda. Kwenye mbalamwezi wana muda, mifuko mitupu. Tulikuwa tunaitisha vikao na michango pamoja kila mwisho wa mwezi, kwa kalenda ya mishahara ya walimu! Siku hizi daftari la michango linazunguka kwenye giza, vikao tunavikalia kwenye mbalamwezi.

Kuna wanaongoja mfadhili. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, alilipia majengo ya maktaba zaidi ya 2,500, na 1,689 kati yake yalikuwa Marekani kwenyewe. Lakini kwa kawaida aliutaka mji kwanza utoe kiwanja na uahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya gharama ya jengo kwa ajili ya kuliendesha. Tajiri wa kiasi hicho, na bado alihofia mwaka wa pili. Nanyi mkiletewa maboksi ya vitabu, ulizeni nani atalipa umeme. Na yafungueni kabla ya kupiga picha ya shukrani: sisi tuliwahi kupokea maboksi matatu ya vitabu vya kodi za nchi ambayo hakuna mtu mtaani aliyewahi kuifikia.

Kwa upande wa serikali, Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyo chini ya Sheria Na. 6 ya 1975, ina maktaba ya mkoa pale mjini. Nendeni mkaombe ushauri wa namna ya kupanga vitabu. Lakini suala la chumba na kodi lipitisheni kwa mwenyekiti wa mtaa, aliweke kwenye ajenda, kisha liende Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Sisi tulipeleka ombi letu Mei, tukaambiwa kwa heshima zote kwamba tumechelewa. Mkienda, bebeni hesabu ya kila aliyeingia mlangoni, pamoja na wale wa kikoba na wa meza ya karatasi. Zamani tulihesabu vitabu vilivyoazimwa tu, tukajionyesha wachache kuliko tulivyo. Na kipindi cha kampeni, asitundike mtu bendera yoyote ukutani, hata kama ndiye aliyetoa saruji.

Tamasha lenye turubai, spika na mgeni rasmi tulilifanya mara moja. Tulibaki na bango na deni la spika.

Kikao cha pili cha kodi tulikifanya mwezi ukiwa mpevu. Sikukodi viti, watu walikuja na vigoda vyao, nikahesabu sitini na wanne kabla sijachanganyikiwa. Nikagundua usiku ule kwamba mke wa mwenye chumba ni mwanachama wa kikoba cha Alhamisi. Sijui waliongea nini nyumbani, ila kodi ilipanda nusu tu ya alichokitaka mzee. Nusu hiyo nayo inatuumiza.

Yule mama wa beseni sasa yumo kwenye kamati, na hajawahi kuazima kitabu hata kimoja. Wiki iliyopita nikamtania, nikamuuliza ataazima lini.

"Mwalimu," akasema, "kwanza tengenezeni hiyo feni."