Kabla Hujapanda Gari Kumleta Mtoto Hospitali Arusha

Mimi ni mzaliwa wa Kitumbeine, wilaya ya Longido, ila nimeolewa Ngaramtoni, nje kidogo ya mji wa Arusha. Kwa sababu hiyo nyumba yangu imegeuka stendi ya wagonjwa wa ukoo. Nimepokea watoto wa miguu vifundo (waliozaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani), wa mtindio wa ubongo, na wenye matege kutoka upande wa Meru, ambako maji yana madini mengi ya floridi, yanayoharibu mifupa. Mimi si daktari. Haya nimeyaona sebuleni kwangu na kwenye mabenchi ya kliniki.

Wazazi wenzangu wa umasaini, safari ya kwanza haitusumbui sana. Ukoo unachanga, mbuzi anauzwa mnadani, jirani anatoa pikipiki. Tunaposhindwa ni safari za kurudi kliniki, hasa wakati wa kiangazi, ng'ombe wakishahamishiwa ronjo, kambi ya muda ya malisho, na baba simu yake haipatikani. Utengamao wa mtoto, yaani kumrudishia viungo uwezo wa kufanya kazi, si sindano ya siku moja. Ni miezi, na kwa wengine ni miaka. Ukiondoka bomani umejiandaa kwa siku mbili, utarudi na mtoto aliyetibiwa nusu.

Chukua mguu kifundo. Huzaliwa nao mtoto mmoja hivi katika kila 1,000, duniani kote, kwa hiyo acheni kumtafuta aliyelaani. Njia inayotumika ni ya daktari Ignacio Ponseti: mguu unanyooshwa taratibu kwa mkono, unafungwa hogo, yaani plasta ngumu, na hogo linabadilishwa kila wiki; kwa kawaida huwa mahogo matano hadi saba. Baada ya hapo wengi hukatwa kano ya kisigino kwa upasuaji mdogo wa ganzi, na hogo la mwisho hukaa wiki 3. Hesabu mwenyewe: ni kama miezi miwili. Sasa mama amekuja na khanga mbili na nauli ya kurudi tu. Hogo la pili halijakauka, ananiuliza kama anaweza kulilowanisha na kulitoa mwenyewe huko nyumbani.

Kwa hiyo kaeni kikao kabla. Nani atakamua badala yake? Watoto wengine watabaki na nani? Atalala wapi? Asiye na ndugu mjini aulize hospitali mapema. Hapa Arusha kuna Kafika House, iliyoanza 2008 kwa jina la Plaster House, inayokaa na watoto wanaosubiri upasuaji au wanaopona. Kuuliza si aibu.

Kichanga wa mguu kifundo usimsubirishe msimu, mlete wiki za mwanzo mifupa ikiwa bado laini. Mtoto mkubwa wa kupasuliwa matege ni habari nyingine. Huyo mimi huwaambia wamlete mwezi wa sita: barabara zinapitika, mifugo imenenepa na ina bei, na familia bado iko pamoja. Na wa matege akirudi kwenye maji yaleyale, na makande yanayopikwa kwa magadi, mifupa itaendelea kuharibika. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Kingeni maji ya mvua, hata pipa moja, yawe ya watoto peke yao.

Turudi kwenye mguu kifundo, maana kazi kubwa inaanza hogo likishatoka. Mtoto anapewa viatu viwili vilivyounganishwa na kipande cha chuma. Miezi 3 ya mwanzo anavivaa saa 23 kwa siku, kisha usiku tu na akilala mchana, mpaka afike miaka 4 au 5. Hapo ndipo miguu mingi inapojikunja upya. Mguu umenyooka, mtoto analia usiku, na koko, bibi yake, anamwonea huruma mjukuu. Viatu vinawekwa juu ya dari, vinaota vumbi.

Ushauri wangu: usimfundishe mama peke yake. Mlete koko kliniki, maana ndiye analala na mtoto. Mwonyeshe kitundu cha nyuma cha kiatu. Akichungulia hapo na kisigino hakionekani kimekaa chini, kiatu hakijafungwa sawasawa, na hicho ndicho kinachochubua mpaka mtoto analia. Soksi iwe kavu, mkanda wa katikati ufungwe kwanza. Mguu wa mtoto unakua haraka, kwa hiyo vidole vikianza kupita mwisho wa soli, piga simu kabla ya kupanda gari uulize kama saizi inayofuata ipo. Viatu vya aina hii vinatengenezwa hapahapa Afrika Mashariki. Vile viitwavyo Steenbeek vilibuniwa Uganda kwa ngozi na chuma cha kuchomelea, hivyo chuma kikikatika msikate tamaa. Ulizeni fundi wa viungo bandia, usiache mtoto alale bila kiatu miezi mitatu.

Jambo la lugha nalo linaniudhi. Maelekezo yote hutolewa kwa Kiswahili cha haraka, na mama zetu wengi wanajua Kimaa tu. Mama akiitikia "ndiyo" kwa kila sentensi, ujue hajaelewa. Nimeshuhudia mama akigombezwa kwa kutofuata maelekezo ambayo hakuna aliyehakikisha ameyaelewa. Njoo na kijana anayesikia lugha zote mbili, na usitoke chumbani kabla mama hajafanya zoezi kwa mikono yake mtaalamu akiangalia. Omba ruhusa mrekodi kwa simu. Video ya dakika mbili inasaidia kuliko karatasi, hata huko ronjo.

Kwa mtoto wa mtindio wa ubongo, usizunguke hospitali baada ya hospitali ukitafuta dawa ya kumaliza. Ukweli ni mchungu lakini unaokoa mbuzi wako. Kazi ya huyu iko nyumbani, kila siku. Kubwa kuliko yote ni ulaji: msimnyweshe maziwa akiwa amelala chali. Yakiingia mapafuni, nimonia inafuata. Mketishe, kichwa kiinamie mbele kidogo, mpe uji mzito kijiko kidogokidogo. Kiti si lazima cha dukani, ndoo kuukuu iliyokatwa upande mmoja na kujazwa matambara inatosha kuanzia. Kama anatumia dawa za degedege, zisikatishwe ghafla kwa sababu mnahama. Chukueni za kutosha kabla.

Kabla hamjaondoka mjini, ulizeni kama kuna kliniki ya karibu zaidi inayoweza kuendelea naye, na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi. Mkifika nyumbani mwonyesheni muuguzi wa zahanati hiyo kadi. Timu ya huduma ya mkoba ikija kwa chanjo, naye apimwe, asifichwe nyuma ya nyumba.

La mwisho ni kwa akina baba. Nauli ya kurudi kliniki msiihesabu siku ya kurudi. Siku mtoto anapoanza matibabu, tengeni mbuzi wake, atiwe alama, na boma zima lijue kuwa huyo hauzwi kwa jambo lingine.