Mhusika wangu wa udongo anarukaruka kwenye gemu: ninunue kamera?

Swali: Nimemaliza Hylics, lile gemu la Mason Lindroth la 2015 lenye watu wa udongo na mambo ya ndotoni, sasa natengeneza la kwangu kwa RPG Maker VX Ace, programu ya kutengenezea magemu. Nimefinyanga mhusika kwa plastisini, nikampiga picha 12 kwa simu. Akitembea, mwanga unachezacheza na miguu inarukaruka. Ninunue kamera?

Jibu: Hapana, hela yako itunze. Simu inatosha, ila umeiachia ikuamulie. Kila unapobonyeza, inapima mwanga upya, na mhusika akiinua mkono tu, picha inayofuata inatoka nyeusi kidogo au ya manjano zaidi. Ingia hali ya Pro ya kamera ya simu, uweke mwenyewe ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), fokasi na rangi ya mwanga, usiviguse tena mpaka umalize. Umeme wetu ni wa 50 Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi hupwita mara mbili kwa kila mzunguko, hivyo mara 100 kwa sekunde. Kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya sekunde 1/50 au 1/25 hunasa mipwito kamili kila picha. Funga pazia, maana wingu likipita utaliona kwenye gemu. Na vaa nguo nyeusi. Shati jeupe hurudisha mwanga kwenye udongo, nawe husimami palepale kila mara.

Miguu ni habari nyingine, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Faili la mhusika mmoja, lenye picha zake zote na ambalo jina lake huanza na alama ya $, RPG Maker huligawa sawasawa: safu 3 kwa mistari 4. Ni mikao mitatu ya kutembea kwa kila upande, yaani zile picha zako 12 hasa. Programu haijui mguu uko wapi, inapima visanduku tu. Nahisi ulikata kila picha kwa kufuata kingo za mwili. Pale mkono uliponyooka kisanduku kikapanuka, na mwili ukasogea. Zikate zote kwa fremu moja ya ukubwa uleule, nyayo zikanyage mstari mmoja, ndipo ufute mandharinyuma. Wakati wa kupiga, gandisha simu kwenye stendi na utie alama mezani chini ya kila unyayo.

Plastisini ikilegea kwa joto, iweke kwenye friji dakika chache. Alama za vidole usizilainishe, nakuomba. Wayne, mhusika mkuu wa Hylics, yule mwenye kichwa cha mwezi mchanga, akishindwa vitani nyama yake huyeyuka, na inauma kuitazama kwa sababu unajua kuna mtu aliyeufinyanga udongo ule kwa mkono.

Rudia upande mmoja kwanza, picha 3 tu. Zikitulia, ndipo umgeuze.